Samaki wa mapambo: Ugomvi wa mbuna unavyokula faida ya mfugaji

Na Mwandishi Wetu, Itungi

BIDHAA zilizozoeleka katika taarifa za soko la Kyela ni mchele, kakao, mawese na samaki wa kitoweo. Wiki hii ukurasa huu unaangalia bidhaa nyingine ya Ziwa Nyasa, ambayo haipimwi kwa kilo wala kwa debe, bali huhesabiwa mmoja mmoja akiwa hai. Bidhaa hiyo ni mbuna, samaki wadogo wa rangi kali wanaofugwa ndani ya matangi ya vioo kwa ajili ya kupendezesha nyumba, hoteli na ofisi.

Wapo wanaoamini kuwa biashara hii ni rahisi, kwa kuwa samaki ni wadogo, hawahitaji shamba, na ziwa liko jirani. Hata hivyo, mbuna ana tabia moja inayoamua kama mfugaji atapata faida au atafunga mradi mapema. Mbuna ni mgomvi. Asiyeuweka ugomvi huo katika hesabu zake tangu siku ya kwanza, ataulipia baadaye kwa samaki waliokufa.

Mbuna ni nani

Mbuna ni kundi mojawapo la samaki wa ukoo wa sikilidi, ukoo uleule wa perege. Spishi za sikilidi katika Ziwa Nyasa zinakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Jina mbuna ni la Kitonga cha Nkhata Bay, upande wa Malawi. Lilienea kwa wataalamu baada ya maandishi ya mtafiti Geoffrey Fryer ya mwaka 1959, aliyechunguza maisha ya samaki wa kandokando ya ziwa.

Mtu akisimama bandarini Itungi hatawaona. Ufuko wa Itungi ni wa mchanga na tope, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha udongo mwingi wakati wa mvua. Mbuna huishi kwenye mawe na maji maangavu. Mawe hayo huanza upande wa mashariki, ukishapita Matema kuelekea Ikombe, mahali milima ya Livingstone inaposhuka moja kwa moja hadi majini, na huendelea kwa vipande vipande kusini hadi Mbamba Bay.

Kati ya mwamba na mwamba kuna mchanga au kina kirefu, na mbuna wengi hawathubutu kuvuka. Kwa sababu hiyo kila mwamba umekuwa kama kisiwa chenye watu wake. Samaki wa aina moja huweza kuwa na rangi tofauti kila baada ya kilometa chache. Tofauti hizo ndizo zinazouzwa.

Majina ya kwetu, matangi ya wenzetu

Biashara ya samaki hawa ilianza kukua upande wa Malawi katika miaka ya 1960 na 1970. Stuart Grant, aliyekuwa na kituo Kambiri karibu na Salima, alisafirisha samaki hai ng'ambo kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 2007. Ndiyo maana mnunuzi wa Ulaya au Marekani humwita kila samaki wa ziwa hili samaki wa Malawi, hata kama amevuliwa Tanzania. Muuzaji wa upande huu asishangae akiulizwa hivyo.

Pamoja na hayo, majina ya mahali petu yameingia katika orodha za bei za wenzetu. Wapo mbuna wanaouzwa kwa jina la Hongi, kisiwa cha upande wa Tanzania, na wengine kwa jina la Magunga. Anayejulikana zaidi pengine ni demasoni, samaki wa rangi ya buluu mwenye mistari ya kusimama ya buluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi. Anatoka kwenye miamba ya Pombo na Ndumbi, upande wa Tanzania. Mtaalamu wa Kiholanzi Ad Konings alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1994 kwa jina la Pseudotropheus demasoni, na mwaka 2016 akahamishiwa katika kundi jipya na kuitwa Chindongo demasoni.

Leo hii mtu anayenunua demasoni mjini Chicago au Berlin huwa kwa kawaida hanunui samaki aliyetoka Nyasa. Ananunua mjukuu wa mjukuu wa samaki waliotoka Nyasa miaka mingi iliyopita, aliyezaliwa kwenye tangi. Mashamba ya jimbo la Florida nchini Marekani huzalisha sikilidi wa Afrika kwa wingi, na wafugaji wa Ulaya na Asia nao wamo.

Fundisho la kibiashara hapo ni wazi. Samaki anayevuliwa na kuuzwa huleta fedha mara moja. Anayezaliana huleta fedha kila msimu, na fedha hizo humwendea mwenye tangi. Swali kwa mkazi wa Kyela ni kama naye anaweza kuwa mwenye tangi.

Kwa nini wanapigana

Mbuna walio wengi hula mwani unaoota juu ya mawe, pamoja na wadudu wadogo waliomo humo. Dume huchagua jiwe au pango, akalifanya kuwa shamba lake na ukumbi wake wa harusi. Dume mwingine akikaribia hufukuzwa. Katika baadhi ya aina hata majike hulinda maeneo yao.

Ziwani ugomvi huu hauui sana, kwa sababu anayeshindwa hukimbia mita chache akapotea kati ya mawe. Ndani ya tangi hakuna pa kukimbilia. Aliyeshindwa anaendelea kuonekana na mshindi anaendelea kumpiga, mpaka mapezi yanachanika, magamba yanatoka na hatimaye anakufa.

Samaki anayechukiwa zaidi ni yule anayefanana na mwenye eneo. Dume wa buluu mwenye mistari humwona kila samaki wa buluu mwenye mistari kuwa mshindani. Samaki wa njano asiye na mistari anaweza kumpita bila kuguswa. Kanuni hii inafaa kukumbukwa wakati wa kuchagua aina za kuweka pamoja.

Mgeni katika ufugaji hufikiri kuwa samaki wagomvi wanatakiwa kuwa wachache ili kila mmoja apate nafasi. Kwa mbuna mambo ni kinyume. Demasoni watatu wakiwekwa katika tangi, mwenye nguvu atamwandama mmoja hadi amuue, kisha atamgeukia wa pili. Wakiwekwa 15 au 20 katika tangi kubwa, mgomvi hujikuta anafukuza huyu, anakutana na yule, na hakuna anayebeba kipigo chote peke yake. Ugomvi haujaisha, umegawanywa. Kwa sababu hiyo wafugaji wazoefu hawaanzi na demasoni chini ya 12.

Tangi na mawe

Tangi la kuanzia lisipungue urefu wa sentimita 120. Lenye upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 45 huchukua lita 243. Urefu ndio muhimu kuliko kimo, kwa kuwa mbuna hugombania eneo la chini. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 243, na ukiongeza mawe na vioo mzigo unapita kilo 300. Meza ya kawaida ya sebuleni haitafaa. Fundi atengeneze stendi ya chuma au mbao nzito.

Mawe yapangwe kabla ya mchanga, yakae moja kwa moja juu ya kipande cha plastiki kilichotandikwa chini ya tangi. Mbuna huchimba. Mawe yaliyowekwa juu ya mchanga yatachimbuliwa, yataporomoka na kupasua kioo. Yapangwe kwenda juu hadi karibu na uso wa maji, yakiacha mapango mengi madogo kuliko machache makubwa. Kila pango linalofaa liwe na milango miwili, ili anayefukuzwa asibanwe kwenye kona.

Mfugaji wa Kyela ana nafuu moja hapa. Vyungu vya udongo vya Wakisi wa Ikombe, vinavyouzwa katika soko la Matema, hufaa kuwa mapango. Hata kilichovunjika kinatumika, mradi kingo kali zisuguliwe na kioshwe vizuri bila sabuni.

Maji

Maji ya Ziwa Nyasa yana ualkali kidogo. Kipimo chake cha pH huwa kati ya 7.7 na 8.6, na joto la tabaka la juu huwa kati ya nyuzi 23 na 28 za Selsiasi. Mfugaji alenge humo humo. Maji ya mvua na ya mito ya milimani mara nyingi ni laini mno kwa mbuna. Vipande vya mawe ya chokaa au makombe ya baharini yaliyopondwa, yakiwekwa ndani ya chujio, huyapandisha polepole. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaachwe wazi katika ndoo au pipa kwa siku moja au mbili kabla ya kutumika.

Kwa Kyela, ambako kuna joto karibu mwaka mzima, hita si lazima kwa siku nyingi. Kwa Tukuyu na Mbeya mjini, hasa Juni na Julai, bila hita samaki watapooza, watakataa kula na hawatazaa.

Tangi jipya lisijazwe samaki siku hiyohiyo. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini huchukua wiki 4 hadi 6 kuota vya kutosha katika chujio. Chujio lisioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini, kwani bakteria hao watakufa. Lioshwe kwa maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe.

Kwa kuwa dawa ya ugomvi ni wingi wa samaki, uchafu nao huwa mwingi. Theluthi moja ya maji ibadilishwe kila wiki. Hiyo ndiyo bei ya kwanza ya amani, na hulipwa kwa ndoo na kwa jasho.

Bei ya pili ni hewa. Tangi lililojaa samaki huweza kuishiwa hewa katika saa chache umeme ukikatika. Mfugaji awe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Asiyekuwa nayo achote maji kwa jagi na kuyamimina toka juu mara kwa mara mpaka umeme urudi, na asiwalishe samaki katika kipindi hicho.

Chakula

Utumbo wa mbuna anayekula mwani ni mrefu, kwa hiyo chakula chake kikuu kiwe cha majani. Chakula kikavu chenye spirulina, mchicha uliochemshwa kidogo na njegere zilizomenywa hufaa. Nyama ya ng'ombe isitumike, na unga wa dagaa uwe kidogo sana. Mbuna waliozidishiwa nyama hupata ugonjwa wa kuvimba tumbo, huacha kula na hufa ndani ya siku chache. Walishwe kidogo mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika katika dakika mbili au tatu.

Uzazi

Mbuna jike hulea mayai mdomoni. Dume humwita jike kwenye eneo lake kwa kutetemesha mwili. Jike hutaga yai moja moja au machache, akageuka haraka na kuyachukua mdomoni. Katika pezi la chini la dume kuna madoa ya rangi ya njano au chungwa yanayofanana na mayai. Jike huyadonoa akidhani ameacha mayai nje, na hapo hupokea mbegu za dume. Maelezo haya yalitolewa na mtafiti wa Kijerumani Wolfgang Wickler mwaka 1962.

Jike huyabeba kwa takriban wiki 3, na muda wote huo hali chakula au hula kidogo mno. Anatambulika kwa koo lililovimba na kwa kukataa chakula. Vifaranga hutoka wakiwa wamekamilika, na wanaweza kula chakula cha unga siku hiyohiyo. Idadi ni ndogo. Demasoni hutoa 10 hadi 25 hivi. Perege wa bwawani humzidi mara nyingi.

Uchache huo wa vifaranga ndio unaolifanya kila jike kuwa mtaji. Jike aliyebeba mayai ana njaa na amechoka, na dume akiendelea kumsumbua atayatema au kuyameza. Ahamishwe usiku, taa zikiwa zimezimwa na samaki wametulia, apelekwe katika tangi dogo lenye chungu kimoja. Akishatoa vifaranga aachwe hukohuko siku kadhaa ale na kupata nguvu. Akirudishwa amekonda, atakuwa wa kwanza kupigwa.

Kwa aina ambazo dume na jike hutofautiana kwa rangi, kila dume 1 liwe na majike 3 au 4. Kwa demasoni, ambao wote wanafanana, mfugaji anunue kundi la vifaranga, awakuze pamoja, kisha aondoe madume yanayozidi yanapojitokeza.

Hesabu ya ugomvi

Tuchukue mfano. Bei zilizomo hapa si bei za soko. Ni za kuonyesha njia ya hesabu tu, na kila mfugaji aweke zake.

Tuseme matangi 3, moja la wazazi na mawili ya vifaranga, yanagharimu wastani wa Sh. 150,000 kila moja, yaani Sh. 450,000. Pampu, machujio na mawe Sh. 150,000. Vifaranga 18 vya demasoni kwa Sh. 10,000 kila kimoja ni Sh. 180,000. Mtaji wa kuanzia unakuwa Sh. 780,000. Umeme na chakula ni Sh. 20,000 kwa mwezi, sawa na Sh. 240,000 kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza samaki wanakua. Tuseme mfugaji anauza vifaranga 60 tu kwa Sh. 3,000 na kupata Sh. 180,000. Ametumia Sh. 1,020,000, kwa hiyo mwaka unafungwa kwa upungufu wa Sh. 840,000.

Mwaka wa pili majike 8 wanazaa mara 4 kila mmoja, na kila uzao unatoa vifaranga 8 wanaofikia kuuzwa. Hao ni 256, sawa na Sh. 768,000. Ukitoa matumizi ya Sh. 240,000 inabaki Sh. 528,000. Mwaka wa tatu ukiwa kama wa pili, upungufu wote unazibwa na inabaki ziada ya Sh. 216,000.

Sasa tuseme mfugaji huyohuyo alipanga mawe vibaya, akapoteza majike 4 kati ya 8. Vifaranga vinashuka hadi 128, mapato yanakuwa Sh. 384,000, lakini umeme ni uleule. Inabaki Sh. 144,000 kwa mwaka. Kuziba upungufu wa Sh. 840,000 kwa kiasi hicho kunahitaji karibu miaka 6 zaidi. Majike waliokufa ni nusu, lakini faida iliyopotea ni karibu robo tatu. Tena, kundi likishapungua, kipigo kinawaangukia wachache waliobaki, na vifo huendelea.

Hakuna jambo la soko lililobadilika katika mifano hiyo miwili. Bei ni ileile na mteja ni yuleyule. Tofauti yote imetokana na yaliyotokea ndani ya tangi.

Dalili za kuangalia

Mfugaji akague tangi asubuhi na jioni. Samaki anayejificha kwenye kona ya juu au nyuma ya bomba la chujio anapigwa. Mapezi yaliyochanika ni dalili ya pili. Anayepigwa aondolewe siku hiyohiyo, si kesho yake. Ikiwa mgomvi ni mmoja anayejulikana, yeye ndiye atolewe kwa siku chache. Akirudi atakuta maeneo yamegawanywa upya.

Samaki wapya wasiingizwe mmoja mmoja. Waingizwe kundi kwa pamoja, wakiwa na ukubwa unaokaribiana na wenyeji, na mawe yapanguliwe na kupangwa upya kwanza. Hapo wenyeji nao huwa wageni na wote huanza kutafuta makazi.

Usafi wa mbegu

Mchele wa Kyela ukichanganywa na mchele wa mahali pengine hupoteza bei, hata kama mlaji wa kawaida haoni tofauti haraka. Kwa mbuna ni hivyohivyo. Jike asiye na dume wa aina yake huzaa na dume wa aina nyingine, na vifaranga hutoka machotara. Machotara huuzwa bei ya chini, tena wakiingia katika kundi la wazazi wanaharibu jina la mfugaji.

Asiweke pamoja aina zinazokaribiana, wala samaki wa aina moja kutoka miamba miwili tofauti. Kila tangi liwe na daftari lenye jina la samaki, mahali asili yake ilipo, tarehe aliyonunuliwa na aliyemuuza. Mnunuzi makini hulipia maandishi hayo.

Usafirishaji na sheria

Kutoka Kyela hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 900. Samaki wasilishwe kwa siku moja au mbili kabla ya safari, ili wasichafue maji. Mfuko wa plastiki uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa ya oksijeni, na uwekwe ndani ya kasha linalozuia joto. Madume makubwa yafungwe kila moja na mfuko wake, kwani mbuna hawaachi ugomvi kwa sababu wako safarini. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, ni njia nyingine ya kuangaliwa na mwenye mzigo wa thamani.

Anayetaka kuvua samaki wa kuanzia, au kuuza nje ya nchi, asianze kabla ya kuonana na ofisa uvuvi wa wilaya. Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, na kusafirisha samaki hai kunahitaji leseni. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, nayo ina kituo Kyela.

Jambo la mwisho ni kwa faida ya wote. Samaki waliozidi wasimwagwe ziwani, hata kama wametoka ziwa hilohilo. Katika kisiwa cha Thumbi West, upande wa Malawi, samaki wa biashara kutoka sehemu nyingine za ziwa waliachiwa humo, na baadaye wataalamu wakakuta machotara kati yao na wenyeji. Mwamba mmoja ukishachanganyika hautenganishiki tena, na kinachoupa mwamba wa Pombo au wa Hongi thamani ni kwamba hakuna mwingine kama huo.

Ushauri wa wiki

Mwenye mtaji mdogo aanze na tangi moja na aina moja. Asinunue aina ya pili mpaka ya kwanza imezaa na vifaranga vyake vimekua na kuuzwa. Atafute mteja kabla ya kuzalisha, kwani wanunuzi wa samaki wa mapambo ni wachache kuliko wa kitoweo, na vifaranga visivyouzwa vinaendelea kula na kugombana.

Aidha, katika daftari la matumizi, baada ya umeme na chakula, aongeze mstari wa tatu wenye kichwa kimoja: waliouawa. Mwisho wa mwezi mstari huo utamweleza hali ya mradi wake mapema kuliko mstari wa mauzo.